Muhammed Said Abdulla: Bwana afya wa Unguja aliyemzaa mpelelezi Bwana Msa

Tajiri wa mashamba anakutwa amekufa kwenye mzimu, mahali ambapo wenyeji huenda kuweka nadhiri na kuomba haja zao. Si mahali pa kawaida pa kufia, na jina la mahali penyewe linatosha kuwatia watu hofu. Mwenye kuogopa haulizi mengi. Ni rahisi kusema wazee wa kale wamekasirika, kisha kila mtu arudi nyumbani kwake.

Bwana mmoja kutoka mjini, mwenye kiko mdomoni na asiye na haraka, anaanza kuuliza maswali ambayo wengine wameyaacha. Nani alikuwa wapi? Nani alimdai nani? Nani ni ndugu wa nani? Bwana huyo anaitwa Bwana Msa, na kitabu ni Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Ndicho kinachohesabiwa kuwa riwaya ya kwanza ya upelelezi kwa Kiswahili.

Mtu aliyekiandika, Muhammed Said Abdulla, hakuwa polisi wala mwanasheria. Alikuwa bwana afya, kisha mwandishi wa habari, kisha mhariri wa gazeti la wakulima. Kazi hizo tatu ndizo zilizomfunza kuandika hadithi za siri katika visiwa vidogo ambavyo karibu kila mtu alimjua mwenzake.

Mtoto wa Makunduchi

Abdulla alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Zanzibar ya wakati huo ilikuwa na Sultani wake, lakini mamlaka makubwa yalikuwa mikononi mwa Waingereza. Mjini kulikuwa na bandari, maduka na ofisi. Shamba kulikuwa na mikarafuu, minazi, wavuvi, na wakulima wengi wasiokuwa na ardhi kubwa.

Makunduchi inajulikana hadi leo kwa sherehe ya Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi unaoangukia mwezi Julai. Wanaume hupigana kwa magogo ya migomba ili wamalize ugomvi wa mwaka uliopita. Kibanda cha makuti huchomwa moto, na wazee huangalia moshi unaelekea upande gani ili wajue mwaka ujao utakuwaje. Ni nchi ya Waislamu wenye misikiti na vyuo vya Kurani, na ni nchi hiyo hiyo yenye mapango na miti mikubwa ambayo watu huiheshimu kama makao ya mizimu.

Mwandishi aliyezaliwa hapo hakuhitaji kuambiwa na mgeni kwamba mzimu una nguvu. Alijua nguvu hiyo inakaa wapi: katika hofu ya watu na katika mambo wanayokubali kutoyazungumza. Miaka arobaini baadaye aliigeuza hofu hiyo kuwa kiini cha riwaya yake ya kwanza.

Kutoka Idara ya Afya hadi gazetini

Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa katika Idara ya Afya kama mkaguzi, kazi ambayo Waswahili huiita bwana afya. Aliifanya kwa miaka kumi.

Kazi ya bwana afya ni kuingia nyua za watu. Hutazama kisima kama kimefunikwa, choo kiko umbali gani na maji ya kunywa, madimbwi ya mbu yako wapi, nyama inauzwa katika hali gani. Anapofika, wenyeji humwambia kila kitu ni kizuri. Yeye hana budi kuinama na kutazama mwenyewe. Tena, mtu anapougua, jirani ana maelezo yake tayari: kijicho, jini, mkono wa mtu. Mkaguzi hutafuta maji yametoka wapi.

Ni vigumu kupata shule bora kuliko hiyo kwa mtu atakayeandika hadithi za upelelezi. Sir Arthur Conan Doyle, Mskoti aliyemuumba Sherlock Holmes mwaka 1887, naye alitoka katika tiba. Alikuwa daktari, na mpelelezi wake alisoma dalili za mtu kama tabibu anavyosoma dalili za ugonjwa.

Mwaka 1948 Abdulla aliacha afya na kuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka kumi iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Orodha hiyo ina jambo la kushangaza. Al Falaq lilikuwa gazeti la Chama cha Waarabu. Afrika Kwetu lilitetea upande wa Chama cha Waafrika. Kadiri miaka ya 1950 ilivyosonga, pande hizo mbili zilizidi kutazamana kwa chuki, hadi watu wakafikia kususiana madukani na hata mazishini. Abdulla alikuwa mmoja wa wachache walioshika kalamu katika vyumba vya pande zote mbili.

Mhariri katika mji mdogo husikia habari nyingi kuliko anazoweza kuchapisha. Huletewa uvumi uliovaa nguo za habari, na huletewa habari ya kweli na mtu mwenye nia mbaya. Hujifunza kumuuliza kila msimulizi amepata wapi anayoyasema, na anapata faida gani akiaminiwa. Maswali hayo mawili ndiyo yaliyokuja kuwa silaha kubwa ya Bwana Msa.

Shindano lililobadili riwaya ya Kiswahili

Mwaka 1958 Abdulla alichukua uhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, kazi aliyodumu nayo kwa miaka kumi. Wakati huo huo jina lake lilikuwa linafika Nairobi kwa njia nyingine. East African Literature Bureau, ofisi iliyoanzishwa na serikali za kikoloni ili kuchapisha vitabu kwa lugha za Afrika Mashariki, ilikuwa imeendesha shindano la kuandika hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958. Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa Mzimu wa Watu wa Kale.

Hadi hapo, nathari ya Kiswahili iliyochapishwa ilitawaliwa na hadithi za mafunzo, tafsiri, visa vya safari na maisha ya watu. Shaaban Robert, bingwa wa zama hizo, aliandika kuhusu watu wema na waovu katika nchi za kubuni, ili msomaji apate adili. Abdulla alikuja na kitu kingine. Alimpa msomaji maiti katika ukurasa, akamnyima jibu, akamwacha asome hadi mwisho akitaka kujua.

Alikuwa na bahati ya lugha pia. Lahaja ya Kiunguja ilikuwa imekwisha kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lakini Kiswahili kilichofundishwa shuleni mara nyingi kilikuwa kikavu. Cha Abdulla kilikuwa na maji. Wahusika wake wanataniana, wanakatizana, wanajibu swali kwa swali, wanaficha tusi ndani ya heshima. Wasomaji wengi walicheka kwanza na kuogopa baadaye.

Kiko cha London, baraza za Unguja

Abdulla hakuficha alikochota. Bwana Msa ana kiko kama Holmes. Ana rafiki, Najum, anayefanya kazi ya Daktari Watson: mwepesi wa kukata shauri, mwepesi wa kushangaa, na mara nyingi amekosea. Upande wa serikali yuko Inspekta Seif, afisa wa polisi anayehitaji msaada wa raia huyu asiye na cheo.

Lakini Holmes anaishi katika jiji la mamilioni ya watu wasiojuana. Husoma udongo wa kiatu na majivu ya sigara kwa sababu hana njia nyingine ya kumjua mgeni aliye mbele yake. Bwana Msa anaishi mahali ambapo karibu kila mtu ana shangazi anayemjua shangazi yako. Kwake, ushahidi mkubwa uko katika maneno: nani ameita nani mjomba, nani amenyamaza jina fulani lilipotajwa, kwa nini familia hii haioani na ile. Anakaa, anasikiliza, anavuta tumbaku, anaunganisha.

Kwa sababu hiyo, anafanana zaidi na wapelelezi wa hadithi za vijiji. Agatha Christie wa Uingereza alimleta Miss Marple katika riwaya ya mwaka 1930, bibi mzee wa kijiji cha St. Mary Mead aliyejua kwamba uovu wote wa dunia unaweza kuonekana kijijini, mtu akiwatazama majirani zake vizuri. Abdulla alifika hapo hapo kwa njia yake: mji mdogo una siri nyingi kwa kuwa watu wake wamekaa pamoja muda mrefu.

Kuna jambo jingine linalomtenganisha na mwalimu wake. Conan Doyle, aliyemfanya Holmes kuwa mtu wa ushahidi mtupu, yeye mwenyewe aliishia kuamini kwamba inawezekana kuongea na roho za wafu, akazunguka dunia akiihubiri imani hiyo hadi alipokufa mwaka 1930. Mwandishi wa London alikwenda kwenye mizimu. Mtoto wa Makunduchi, aliyekulia karibu nayo, alimtuma mpelelezi wake aende mzimuni akatafute alama za binadamu.

Kwa wasomaji wa Kongo, Conan Doyle ana kumbukumbu nyingine. Mwaka 1909 alichapisha kitabu cha kushtaki ukatili uliotendwa katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili. Hapo pia alikuwa anafanya kazi ya Holmes: kuweka ushahidi mezani ili wauaji wasijifiche nyuma ya maneno mazuri.

Siri za ndani ya nyumba

Kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, kilitoka mwaka 1968. Giningi, katika masimulizi ya Wazanzibari, ni mji wa wachawi, mahali wanapokutana usiku kwa karamu zao. Kwa mara ya pili Abdulla alichukua jina linalotisha na kuliweka juu ya kitabu chake, kisha ndani akamwita mtu wa kufikiri.

Mwaka huo huo wa 1968 alistaafu katika gazeti la Mkulima, akiwa na miaka 50. Mtu mwingine angepumzika. Yeye alianza kuandika kwa kasi. Duniani Kuna Watu kilitoka mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Baada ya kimya cha miaka kadhaa alileta Kosa la Bwana Msa mwaka 1984, kitabu ambacho jina lake peke yake linamkumbusha msomaji kwamba hata mwenye akili huteleza.

Katika vitabu hivi vya baadaye, mauaji yanapungua uzito na nasaba inaongezeka. Mafumbo yanazunguka watoto wasiojua wazazi wao, ndoa zilizofichwa, urithi, na watu wanaotumia jina lisilo lao. Katika jamii ambayo jina la baba ndilo linaloamua nani arithi shamba na nani aoe nani, siri ya aina hiyo inaweza kuangusha ukoo mzima. Bwana Msa anapofumbua fumbo, mara nyingi anarudisha mtu kwa watu wake.

Silaha yake hapo ni subira. Katika vitabu vyake hakuna mbio za magari wala mvua ya risasi. Kuna chai, sigara, mazungumzo marefu, na neno moja lililoponyoka mdomo wa mtu ukurasa wa 20 ambalo msomaji atalikumbuka kwa majuto ukurasa wa 120.

Mapinduzi na maswali ya wahakiki

Tarehe 12 Januari 1964, Abdulla akiwa bado mhariri wa Mkulima, Mapinduzi yalimwondoa Sultani wa Zanzibar. Watu wengi waliuawa, wengine walikimbia, mashamba makubwa yalitaifishwa. Miezi mitatu baadaye, tarehe 26 Aprili, Zanzibar iliungana na Tanganyika.

Dunia ya mwenye shamba, mtwana na mjakazi aliyoichora katika Mzimu wa Watu wa Kale ilikuwa imeanguka. Kizazi cha waandishi kilichofuata Zanzibar, akiwamo Said Ahmed Mohamed na Adam Shafi, kiliandika waziwazi juu ya ukabaila, kazi na madaraka. Wahakiki wa zama za ujamaa walimlaumu Abdulla kwa kutofanya hivyo. Waliona kwamba mpelelezi wake anamkamata mwuaji mmoja na kuuacha mfumo mzima unaotia watu njaa.

Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Bwana Msa si mwanamapinduzi. Anaingia nyumba za wenye mali kama mgeni wa heshima na kutoka kama mgeni wa heshima. Hata hivyo, kuna kitu ambacho wahakiki hao hawakukipa uzito wa kutosha. Abdulla aliishi katika kisiwa ambacho watu walihukumiana kwa asili, kwa chama na kwa uvumi, na aliona hukumu hizo zikiishia wapi. Katika vitabu vyake, anayeshukiwa na wote kwa sababu ya sura yake au hali yake anaweza kuwa hana hatia, na mshukiwa hana budi kusikilizwa. Kwa mtu aliyetoka katika mji kama ule, hilo halikuwa jambo dogo.

Waliokuja nyuma yake

Njia aliyoifungua ilijaa haraka. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla wa Tanzania Bara alitoa Simu ya Kifo, hadithi ya mauaji ya Dar es Salaam. Mwaka 1974 Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, jasusi wa bastola na safari za ndege. Ben Mtobwa naye alimleta Joram Kiango. Vitabu hivyo viliuzwa vituo vya mabasi na kusomwa hadi vikachanika majalada.

Katika vitabu hivyo jiji lilichukua nafasi ya kijiji, na mbio zikachukua nafasi ya mazungumzo. Wengi waliwapenda wapelelezi wapya kuliko mzee wa kiko. Lakini mtindo wenyewe wa kumfanya msomaji wa Kiswahili asubiri jibu ulikuwa umeanzia Unguja.

Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991. Vitabu vyake viliendelea kusomwa na kuchambuliwa na wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, Afrika Mashariki na ng'ambo.

Kutoka Makunduchi hadi Lubero

Kasugho, katika eneo la Lubero, iko mbali na bahari ya Makunduchi. Ni mji mdogo wa milimani, wenye chuo kikuu chake cha uhifadhi wa mazingira, mashamba yake, makanisa yake na soko lake. Lakini msomaji wa huko, kama wa Butembo au Beni, hatapata taabu kuitambua dunia ya Bwana Msa. Anajua namna habari ya kifo inavyotembea kuliko gari. Anajua namna jina la mtu linavyoanza kunong'onwa asubuhi, na jioni likawa limeshahukumiwa.

Nchi za maziwa makuu zimelipa gharama ya minong'ono hiyo. Usukumani, Tanzania, bibi wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kudaiwa kuwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu ya moshi wa jikoni. Mashariki mwa Kongo, tuhuma ya ulozi imewafukuza watu makwao na kuwatia wengine kaburini bila shahidi wala hakimu.

Butembo na Beni zina kumbukumbu ya karibu zaidi. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliua zaidi ya watu 2,200. Uvumi ulikuwa mwingi: kwamba ugonjwa ni biashara, kwamba ni siasa, kwamba ni sumu, kwamba ni ulozi. Watu hawakuzua uvumi huo bure. Walikuwa wamezikwa mara nyingi mno na vita ambavyo hakuna aliyewaeleza sababu yake, na waliona msaada ukija kwa ugonjwa mmoja huku mapanga yakiendelea. Lakini uvumi ulichoma vituo vya matibabu Katwa na Butembo mwezi Februari 2019, na wafanyakazi wa afya waliuawa.

Mkaguzi wa afya wa mwaka 1938 angeuelewa msiba huo. Katika miaka kumi ya kutazama visima alijifunza kwamba kumwambia mtu hofu yake ni ujinga hakusaidii kitu. Bwana Msa hamcheki anayeogopa mzimu. Anakaa naye, anamsikiliza hadi mwisho, kisha anamwomba amwonyeshe mahali penyewe.

Hiyo ndiyo sababu vitabu vya mzee huyu wa Makunduchi havijapitwa na wakati. Vinaburudisha, na ndivyo alivyokusudia. Ila anayevisoma hadi mwisho huwa amekaa kurasa nyingi akimshuku mtu asiye na hatia, akiwa na hakika kabisa, kabla hajaonyeshwa kwamba amekosea. Katika mji mdogo, mtu aliyewahi kukosea hivyo juu ya kitabu anaweza kuchelewa kidogo kumnyooshea kidole jirani yake. Mara nyingine kuchelewa huko kidogo ndiko kunakomponya mtu.